Wembe wa shilingi 6,000: shemeji anataka grenda, mke anataka utupwe

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kinyozi, nina saluni ya viti viwili hapa Majengo, Moshi. Jumamosi iliyopita nilipita soko la Memorial kutafuta taulo za mtumba. Kule mwisho kuna mzee anapanga vyombo juu ya turubai: uma, vijiko, mikasi, vifungulio vya chupa. Katikati ya vikorokoro hivyo nikaona wembe wa kukunja, ule wa zamani ambao bapa lake linalala ndani ya mpini. Alianza na 15,000, nikamwambia hicho ni chuma chakavu, tukamalizana kwa 6,000.

Nyumbani nimeukagua vizuri. Shingoni, karibu na pini, umeandikwa Solingen na chini yake Germany. Makali hayakati hata uzi. Mgongoni kuna kutu nyekundu, na upande mmoja wa bapa una madoa meusi katikati. Karibu na ncha kuna pengo dogo. Ukipitisha kucha inakwama. Mpini ni wa njano iliyopauka na umeanza nyufa pembeni mwa pini. Yule mzee aliapa kwamba wembe ni wa Mjerumani wa kabla ya vita vya kwanza, umetoka kwenye nyumba ya mlowezi kule Kibosho, na mpini ni pembe ya ndovu.

Tangu niufikishe nyumbani sina amani. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea pale Pasua, anasema nimpe dakika tano tu aupitishe kwenye grenda yenye diski ya msasa, utarudi unang'aa. Kinyozi mwenzangu jirani anasema niulaze usiku kucha kwenye maji ya limao, na nikikosa limao hata soda nyeusi inafaa. Jamaa anayenoa visu kwa baiskeli ameniambia 1,000 tu, kazi imekwisha. Mke wangu anafanya kazi zahanati, na yeye hataki hata kuuona. Anasema hatujui umeshakunywa damu ya nani, na nisithubutu kuugusisha kwenye shingo ya mteja.

Sasa Mjomba, mpango wangu ndio huo huo wa wateja. Hapa mtaani kuna wazee wanaokumbuka kunyolewa kwa wembe wa namna hii, na kuna watalii wanaoshuka mlimani na ndevu za wiki nzima. Hao naweza kuwatoza hata mara tatu ya bei yangu. Mimi mwenyewe pia nasumbuliwa na vipele vya ndevu shingoni, na nimesikia wembe huu unavimaliza.

Je, unafufuka, au nimetupa hela? Na kati ya hawa wote nimsikilize nani?

Kinyozi wa Majengo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Mkeo msikilize. Shemeji mshukuru, lakini wembe usimpe. Jamaa wa baiskeli mpelekee visu vya jikoni, hiyo kazi anaiweza. Na jirani mwambie limao likae kwenye nyama choma.

Hela hujatupa bado, ila hujajua umenunua nini. Wembe wa zamani haupimwi kwa kung'aa wala kwa hadithi ya muuzaji. Unapimwa kwenye ule ukingo mwembamba wa mwisho ambapo chuma kinakutana na ndevu. Mgongo ukiwa na kutu, si kitu. Jina likiwa limefutika, si kitu. Ukingo ukiwa na ufa au umeliwa na kutu, basi hata ungeupata bure umepata pambo. Kwa hiyo kabla ya msasa, kabla ya mafuta, kabla ya ugomvi wowote na shemeji, toka nje juani ukautazame.

Ushike makali yakikutazama, uugeuzegeuze taratibu. Mahali palipo butu patarudisha mstari mweupe wa mwanga. Makali ya kweli hayarudishi mwanga wowote. Kisha tumia kamera ya simu, uvute picha karibu, uangalie hasa pale penye pengo. Pengo lenyewe halinitishi, linaondoka kwenye jiwe. Ninachokiogopa ni ufa unaoanzia kwenye pengo na kupanda kuelekea mgongoni, na ufa huo mara nyingi macho hayauoni. Paka spiriti kwenye bapa, subiri ikauke. Spiriti hukauka haraka, lakini iliyoingia ndani ya ufa huchelewa, na utaona unywele wa unyevu umebaki peke yake kwenye chuma kikavu. Ukiuona, kazi imeishia hapo. Wembe wenye ufa unaweza kumeguka ukiwa shavuni.

Madoa meusi nayo uyaangalie yamefika wapi. Yakiwa katikati ya bapa, yaache yazeeke. Yakiwa yamegusa ukingo, kila ukinoa utafungua kitundu kipya na makali yatakuwa ya msumeno. Kuna mafundi wanaonoa na kunoa hadi wakute chuma kizima, lakini bapa linapungua upana, na kwa wembe wa 6,000 sioni sababu.

Hadithi ya Mjerumani naijua. Moshi kila chuma chenye kutu ni cha Mjerumani. Solingen ni mji wa magharibi mwa Ujerumani ambao umefua mapanga, visu na nyembe kwa karne nyingi, na tangu 1938 sheria yao inalilinda jina hilo lisigongwe na mtu wa mji mwingine. Hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu chuma cha huko kwa kawaida ni cha kuaminika. Lakini lile neno Germany halikupi mlowezi. Nchi ya utengenezaji ilianza kugongwa sana kwenye bidhaa baada ya Uingereza kupitisha sheria ya alama za biashara mwaka 1887, na Marekani ikafuata na sheria ya ushuru ya 1890 iliyotaka bidhaa za nje zibebe jina la zilikotoka. Kwa hiyo wembe wako pengine si wa kabla ya miaka hiyo, basi. Wajerumani waliondolewa Moshi Machi 1916, na Solingen imeendelea kutengeneza nyembe za kukunja hadi leo. Wembe wako unaweza kuwa uliingia nchini kwenye kontena la mitumba juzi tu. Ulilipia chuma na ulilipa bei ya chuma. Hadithi mwachie mzee.

Hiyo ya pembe ya ndovu usiirudie mbele za watu hata kwa mzaha. Unajua nyara za serikali zinampeleka mtu wapi. Habari njema ni kwamba mipini mingi ya nyembe inayofanana na pembe ni seluloidi, plastiki ya kwanza kwanza iliyotengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi pamoja na kafuri. Sugua mpini kwa nguvu kwa kidole gumba hadi upate joto, kisha unuse haraka. Ukisikia harufu ya karafuu maiti, ambayo ndiyo hiyo kafuri, umeshapata jibu. Usijaribu ile mbinu ya pini ya moto, maana seluloidi inashika moto kwa kasi ya ajabu. Hiyo peke yake ingetosha kukuzuia kuupeleka wembe huo kwenye cheche za karakana ya Pasua.

Na seluloidi ina ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Ikizeeka inaoza, na ikioza inatoa mvuke wenye asidi unaokula chuma kilicholala ndani yake. Funga wembe, utazame kutu iko wapi. Ikiwa madoa yako upande unaolala ndani ya mpini na upande uliobaki nje ni mzima, mkosaji ni mpini. Utasafisha leo, na masika hayajaisha madoa yatakuwa yamerudi. Kwa nyufa ulizonieleza, mimi ningeutoa mpini huo bila huruma. Usitoboe pini kwa drili. Chukua tupa ndogo, ukwangue kichwa cha pini upande mmoja hadi kiishe, kisha isukume itoke. Mpini mpya ni vibao viwili vyembamba vya mpingo na kabari ndogo upande wa nyuma. Wachonga vinyago wa Arusha wana vipande vya mpingo wasivyovihitaji. Pini mpya ni kipande cha waya wa shaba na washa ndogo, ukigongwa kwa nyundo nyepesi, tena kwa subira. Pembe ya ng'ombe nayo inafaa sana, na ukienda machinjioni hukosi.

Sasa shemeji. Mwambie hivi, ataelewa kwa sababu ni lugha yake: amewahi kuona chuma kinavyobadilika rangi kikipata moto, kwanza kama majani makavu, halafu zambarau, halafu bluu. Ile ya kwanza inaanza kwenye nyuzi 200 na kidogo, na bluu ni karibu na 300. Wembe umepewa ugumu wake kiwandani, na ukifika huko ugumu umeondoka. Bapa lake limechimbwa pande zote mbili hadi likawa jembamba sana kuelekea kwenye makali, halina unene wa kubeba joto. Grenda italigusa, litageuka bluu kabla hajainua mkono. Baada ya hapo utanoa hadi uchoke, litashika makali asubuhi na kuyapoteza kwenye shavu la kwanza. Zaidi ya hilo, diski inapenda kunyakua kitu chembamba na kukirusha, na shemeji tunamtaka na macho yake mawili.

Limao ni asidi, na soda nyeusi nayo ina asidi. Zinakula kutu, kweli, lakini hazichagui. Zikimaliza kutu zinaingia kwenye chuma kizima, na pale zinapofaulu kwa haraka kuliko kote ni kwenye makali kwa sababu ndiko kwembamba. Asubuhi utatoa kitu cha kijivu kilichofifia, na maandishi ya Solingen yakiwa nusu.

Fanya kwa mkono. Nunua mafuta ya cherehani, upake bapa lote, uuache ulale. Kesho yake futa; kutu nyekundu nyingi itakuja na kitambaa. Iliyobaki itaondoka kwa msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi za magari. Anza na namba 600, uende 1000, umalizie 2000, kila mara ukiwa na tone la mafuta. Usiushike wembe hewani. Ufunge kwa utepe juu ya kipande cha mbao, na msasa uuvute kutoka mgongoni kuelekea makali na kutokea nje, usiurudishe. Wembe butu haukati uzi, lakini kidole unakifungua vizuri tu. Kutu nyekundu iishe yote. Rangi nyeusi iliyotulia, isiyoacha unga kwenye kitambaa, ibaki. Nimeona watu wakikimbiza doa jeusi hadi bapa likapinda. Chuma cha zamani kina haki ya kuonekana cha zamani.

Kabla hujanoa, uoshe kwa sabuni. Kama mpini umeshatoka, chemsha bapa kwa dakika 20, ulikaushe papo hapo na kulipaka mafuta. Likiwa bado na mpini wa seluloidi usilichemshe. Tumia spiriti ya asilimia 70 kwenye bapa. Jik usiiguse kabisa, inaua vijidudu na chuma pamoja.

Tunakuja kwenye jiwe, na hapa ndipo yule wa baiskeli anapoachwa nje. Kisu cha jikoni fundi anakishika kwa pembe anayoijua mkono wake. Wembe wa kukunja hauhitaji mkono ujue chochote: mgongo ndio unaoshika pembe. Unaulaza wembe kabisa kwenye jiwe, mgongo na makali vyote vikigusa, na unene wa mgongo unayaweka makali kwenye nyuzi kati ya 15 na 20. Ukiinua mgongo hata kidogo umeharibu hesabu ya kiwandani. Gurudumu la baiskeli ni la duara, halina mahali pa kuulaza, kwa hiyo hata fundi awe bingwa vipi hawezi.

Mawe meusi ya madukani yenye pande mbili ni ya mapanga. Unahitaji jiwe la maji lililo bapa, namba 1000 kwa kuanzia, kisha 4000 au 5000, kisha 8000. Ukipata 12000 ni vizuri zaidi. Moshi sijaona duka lenye yote, watu wengi wanaagiza Dar es Salaam au mtandaoni. Utashawishika kutumia msasa wa gereji ulioubandika juu ya kioo. Unaweza, lakini ujue kwamba namba za msasa na namba za mawe hazilingani: msasa wa 2000 unakaribia jiwe la 1000 tu. Utakuondolea pengo na kukutengenezea umbo la makali, na hapo utakuwa umefika mwanzo wa kazi.

Bandika utepe wa umeme tabaka moja mgongoni ili usiliwe na jiwe, na ubadilishe ukichakaa. Paka makali wino wa maka peni pande zote mbili. Lowesha jiwe, laza wembe, usukume makali yakitangulia, kwa mshazari, ukianzia kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, na kumalizia ncha. Mwishoni ugeuze juu ya mgongo, urudi. Uzito wa mkono wako usiwepo. Uzito wa wembe unatosha, isipokuwa mwanzoni ukiwa unaondoa pengo. Tazama wino: uliofutika ni mahali panapogusa, uliobaki ni mahali pasipoguswa. Usihame kwenye 1000 hadi pengo liishe, wino ufutike urefu wote wa makali, na wembe unyoe malaika ya mkono wako kuanzia kisigino hadi ncha. Watu wengi hukwama kwa sababu wanakimbilia jiwe la 8000 wakidhani ndilo linalonoa. Lile linalainisha tu. Lililonoa ni la 1000, na kama hilo halikumaliza, mawe mengine yote yanapiga msasa kitu butu. Ukishamaliza 8000, shika unywele mmoja kwa vidole na uushushe kwenye makali. Ukikatika bila kujikunja, uko tayari kwa mkanda.

Mkanda wa ngozi usiuruke. Moshi hatuna njaa ya ngozi. Mafundi viatu watakupa kipande cha ng'ombe kilicho laini na kisicho na mkunjo, upana wa vidole vinne hivi na urefu wa mkono. Hapa mwendo ni kinyume cha jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau utakata mkanda, na pengine kucha. Uuvute ukaze, ulaze wembe, nenda na urudi mara 50, ukigeuza juu ya mgongo kila mwisho. Hiyo ndiyo kazi ya shemeji sasa: akuchomelee ndoano imara ukutani ya kuning'inizia mkanda. Ndoano inayocheza ndiyo inayokata watu.

Wateja, hapana. Hapa sibishani na mkeo hata nusu neno. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 na bado kikaambukiza, na hakihitaji damu unayoiona. Kwako wewe peke yako, wembe uliochemshwa na kunolewa upya una makali ya chuma kipya, uutumie. Lakini kati ya mteja na mteja huwezi kuusafisha ipasavyo: kuna pini, kuna nafasi ndani ya mpini, povu na ngozi vinaingia humo. Ukitumia dawa kali wembe unakufa, ukitumia dawa laini mteja yuko hatarini. Kila kinyozi makini nimjuaye anatumia kile kishikio cha kukunja kinachowekwa nusu ya wembe mpya. Uvunje wembe mbele ya mteja, uuweke, umnyoe, uutupe kwenye chupa ngumu. Mtalii aliyetoka mlimani atafurahia taulo la moto, povu la brashi na wembe uliofunguliwa akiona, na pesa yako ya mara tatu utaipata kwa hivyo vitatu. Wembe wa Solingen uweke kwenye fremu ya kioo juu ya kioo chako kikubwa, wazee watauliza wenyewe. Na wewe unayeshika shingo za watu kutwa, muulize mkeo kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza.

Vipele vyako, hapo aliyekuambia alikudanganya. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa karibu sana na ngozi, hasa kwa ncha kali, zinajikunja na kurudi kuchoma ngozi, au zinaotea ndani kwa ndani, na ndipo uvimbe unapoanza. Wembe wa kukunja unakata karibu kuliko chochote ulichonacho saluni, kwa hiyo unaweza ukaongeza tatizo badala ya kulimaliza. Ukitaka kuujaribu, jaribu mashavuni kwanza na shingo uiache. Taulo la moto dakika kadhaa, povu zito, wembe kwenye nyuzi kama 30 na ngozi, unyoe kufuata ndevu zinakolala, mara moja tu. Usivute ngozi kupita kiasi na usirudie kinyumenyume kutafuta ulaini. Shingo yenyewe iendelee na mashine isiyo na mkwaruzo, ikiacha milimita moja hivi ya ndevu, hadi vipele vitulie. Kama tayari una makovu yanayovimba na kuwa magumu, weka kila aina ya wembe chini na uende hospitali ya KCMC. Pale kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, uko nao mji mmoja, na shingo za vinyozi si ngeni kwao.

Mjomba